Siku 5,000 Ndani ya Faili Moja: Hapa Ndipo Beeple Alipokosea

Uamuzi wa msanii wa kidijitali Mike Winkelmann, anayejulikana zaidi kama Beeple, wa kuzikusanya picha zake 5,000 za kila siku na kuzibandika zote katika mraba mmoja ulikuwa kosa la kisanaa, na bei ya mnada hailisahihishi. Mnada wenyewe mnaufahamu: Christie's waliufungua Februari 2021 kwa dola 100, wakaufunga Machi 11 kwa dola 69,346,250, na tangu hapo kila anayeuzungumzia mraba huo, uitwao Everydays: The First 5000 Days, huanza na bei na kuishia na bei. Turudi kwenye mpangilio. Faili iliyouzwa ina pikseli 21,069 kwa kila upande. Igawe kwa picha 5,000, na kila siku katika miaka ile karibu 14 inaambulia kieneo kisichofika pikseli 300 kwa 300. Hata simu ya bei nafuu inaonyesha zaidi ya hapo. Ukiutazama mraba mzima unaona madoa ya rangi tu. Ukiukuza ili uione siku moja, picha inaanza kufifia kabla hujafuatilia mstari wake. Mtu aliyejifungia kila siku kumaliza picha nzima, yenye mwanga wake, kina chake na mahali pa jicho kutua, ameamua mwishoni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo inayostahili kutazamwa kwa utulivu.

Kosa hili linauma kwa sababu kanuni aliyoanza nayo Mei 1, 2007 ilikuwa safi: anza picha, imalize siku hiyo hiyo, itoe hadharani, kesho anza nyingine. Wazo alilipata kwa Mwingereza Tom Judd, akaanza kwa kuchora kwa mkono, kisha akahamia kwenye kompyuta na programu ya Cinema 4D, na hakuruka hata siku ya harusi yake. Hapo sina neno. Lakini kanuni ya namna hiyo haipo kwa ajili ya kujenga nidhamu peke yake. Kazi yake kubwa ni kuweka mpaka. Saa zikiwa chache, mchoraji analazimika kuamua aache nini: pengine mandhari ya nyuma ibaki tupu, pengine uso wa mtu ufichwe kivulini kwa kuwa hakuna muda wa kuumaliza. Maamuzi hayo ndiyo sanaa ya kila siku, na mtazamaji huyapima akijua kwamba siku ilikuwa inakwisha. Mraba wa 2021 umeufuta mpaka huo. Tena mfuatano wa tarehe umefuatwa kwa ulegevu, rangi na maudhui yanayofanana yakiwekwa pamoja, kwa hiyo hata anayetaka kuona mkono ulivyokomaa mwaka hadi mwaka hapati njia ya kuusoma.

Tena mraba huo ulificha mengi. Baada ya mnada, mhakiki Ben Davis wa Artnet alizipitia picha zote 5,000 moja moja, akakuta miongoni mwake vichekesho vya kudhalilisha wanawake na watu wa rangi nyingine. Ukitoa picha kila siku kwa miaka mingi, utatoa pia mbovu, hilo linaeleweka. Lisilokubalika ni kuchagua umbo linaloziondolea zile mbovu hukumu na zile nzuri sifa, kwa kuzipunguza zote hadi ziwe nukta.

Wakongwe waliomtangulia walilijua jambo hili. On Kawara alianza mfululizo wake wa tarehe Januari 4, 1966, New York: turubai la rangi moja, tarehe ya siku hiyo imeandikwa kwa mkono kwa herufi nyeupe, na lisilokwisha kabla ya saa sita usiku linaharibiwa. Alikamilisha karibu 3,000, nyingi zikiwa na sanduku lake lenye kipande cha gazeti la siku ile. Hokusai, akiwa ameshavuka miaka 80, alichora simba wa kinga dhidi ya balaa siku baada ya siku mnamo 1842 na 1843, kila mmoja kwenye karatasi yake. Na hapa kwetu mchora katuni Gado, alipoingia gazeti la Nation kule Nairobi mwaka 1992, alifanya kazi iliyomtaka kila katuni ijitetee yenyewe asubuhi gazeti linapofunguliwa, bila kuegemea ya jana.

Wapo watakaosema kwamba wingi ndio kazi yenyewe, na kwamba mraba unatuonyesha uzito wa kudumu. Lakini idadi inatuambia kwamba mtu alidumu, haituambii alichokiona. Nimeshalalamika katika safu hii kuhusu wanaohesabu siku zisizokatika kana kwamba hesabu ni ustadi, na kuhusu Inktober, zoezi zuri la wino alilolianzisha Jake Parker mwaka 2009, ambalo baadaye likaletewa orodha ya maneno ya kila siku, wachoraji wakawa wanajaza orodha. Kawara hakuchora kila siku. Siku nyingine hakutoa kitu, nyingine alitoa turubai mbili, na mfululizo wake bado una nguvu kuliko mraba wa Winkelmann kwa sababu kila siku aliyoifanya ipo nzima. Wengine watajibu kwamba picha za Beeple zilikwisha kutolewa mtandaoni moja moja, hivyo hakuna kilichopotea. Hoja hiyo inaniunga mkono: kama zilishasimama zenyewe, mraba uliongeza nini zaidi ya kitu kimoja cha kupigia nyundo ya mnada? Na soko nalo halikumlazimisha, kwa maana mwaka 2020 alikwisha kuuza kazi zake za kidijitali moja moja, na wanunuzi walikuwapo.

Kawara alihitaji turubai, masanduku na ghala ili kila siku ibaki na nafasi yake. Winkelmann angehitaji folda moja yenye faili 5,000, kila moja kwa ukubwa wake na tarehe yake, iuzwe kama mfululizo kwa mnunuzi yule yule. Picha ya Januari 7, 2021, ya mwisho katika mraba, ilifuatwa na ya siku iliyofuata, na hiyo aliitoa peke yake.