Kuutambua ukurasa si kuukumbuka: Udhaifu wa usomaji wa kupaka rangi

Kuna mazoea ya usomaji yaliyokita mizizi katika shule na vyuo vyetu kiasi kwamba hakuna tena anayeyashangaa. Mwanafunzi huketi na kitabu, akashika kalamu ya rangi ya manjano inayong'aa, akaanza kupaka. Hupaka sentensi ya kwanza, kisha ya pili, kisha aya nzima. Akifika mwisho wa sura, ukurasa unawaka kama matatu ya usiku, naye ameridhika kwamba amesoma.

Nimezipekua nakala nyingi za aina hiyo. Swali ninalopenda kumuuliza mwenye nakala ni dogo tu: funga kitabu, unisimulie. Aghalabu hapo ndipo kimya huingia.

Si kwamba mwanafunzi huyo ni mvivu. Huenda ameisoma sura hiyo mara nne, tena usiku wa manane. Tatizo ni kwamba kila anapoirudia, maneno yanazidi kumzoea macho, naye anadhani mazoea hayo ndiyo maarifa. Ukimwonyesha sentensi, atasema, "Hii naijua." Na kweli anaijua, almuradi iko mbele yake. Lakini katika chumba cha mtihani haitakuwa mbele yake. Kutambua ni jambo moja, kukumbuka ni jambo jingine, na usomaji wetu mwingi unafundisha la kwanza huku ukitahini la pili.

Jambo hili limepimwa, si dhana yangu tu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilisoma na kurudia kusoma, hadi likafikisha wastani wa takriban mara 14. Kundi jingine lilisoma mara tatu na ushei, kisha likafunikiwa kifungu na kuandika kila lilichokumbuka, likarudia hivyo mara tatu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yakageuka: waliosoma mara 14 walikumbuka asilimia 40 hivi ya kifungu, ilhali waliojitahini walikumbuka asilimia 61. Linalonishughulisha zaidi ni hili: walipoulizwa mwanzoni wakadirie watakumbuka kiasi gani, waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi. Wenye kusahau zaidi ndio waliojiamini zaidi!

Mwaka 2013, John Dunlosky na wenzake walizipima mbinu 10 za kujisomea. Kupaka rangi na kurudia kusoma waliziweka miongoni mwa mbinu zenye faida ndogo. Zilizoongoza ni mbili: kujitahini, na kuvitawanya vipindi vya kusoma badala ya kuvirundika usiku mmoja. Kwa lugha ya vijana wetu, kukremu kulishindwa.

Sasa turudi kwenye fasihi, ambako maradhi haya yana sura yake ya pekee. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE hupenda kumtolea mtahiniwa dondoo na kumwambia aeleze muktadha wake kwa alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa sababu gani. Swali hili wengi hulichukulia kuwa la kukariri tu. Mimi naliona kuwa swali la haki kabisa, kwa kuwa mtu aliyeisoma kazi kwa kuihoji hawezi kushindwa kusema ni nani anayezungumza na nani. Anayeshindwa ni yule aliyesoma mwongozo.

Nisieleweke vibaya. Mwongozo una kazi yake, na baadhi ya miongozo imeandikwa na walimu stadi. Lakini unampa msomaji majibu ya maswali ambayo yeye hajayauliza. "Maudhui: ukabila, ufisadi, malezi." Orodha hiyo anaimeza kama vidonge, na ikifika wiki ya mtihani haina chochote cha kuishikilia kichwani.

Chukua riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri, iliyotahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa. Ina wahusika wengi, na ukoo unaingia ndani ya ukoo mwingine. Walimu wenzangu hulalamika kwamba wanafunzi huwachanganya Mwangeka na Mwangemi. Lakini ni wangapi waliomwagiza mwanafunzi achukue karatasi, achore mstari kutoka kwa Ridhaa hadi kwa mwanawe Mwangeka, kisha aongeze Umu, Dick na Mwaliko kadiri wanavyopotezana na kuletwa katika familia nyingine? Mchoro huo ukikaa kwenye mwongozo umechorwa tayari, faida yake imekwisha. Ukichorwa na msomaji mwenyewe, bila kufungua kitabu, akakosea, akafungua, akasahihisha, hausahauliki kwa urahisi.

Au swali hili: kwa nini mwandishi anatuonyesha kwanza Ridhaa akiwa kwenye magofu ya jumba lake, badala ya kuanza na moto wenyewe? Msomaji aliyejiuliza hivyo katika kurasa za mwanzo atasoma kurasa zinazofuata akiwinda jibu. Ikitumika mbinu rejeshi ataiona, kwa sababu anaihitaji. Aliyeambiwa tu kwamba "mwandishi ametumia mbinu rejeshi" ataandika jina la mbinu na kukwama kwenye mfano.

Walimu wengi hufundisha hatua tano ambazo Mmarekani Francis Robinson alizipendekeza mwaka 1946: pitia juu juu, jiulize maswali, soma, simulia bila kutazama, kisha durusu. Nazikubali, ila nina malalamiko mawili. Kwanza, zilibuniwa kwa vitabu vya kiada vyenye vichwa vidogo vya kugeuzwa maswali. Riwaya haina anasa hiyo, na kuipitia juu juu hadi mwisho ni kujiharibia uhondo. Katika riwaya heri msomaji asimame mwisho wa kila sura na kubashiri kitakachofuata. Pili, hatua ya nne ndiyo moyo wa mpango mzima, na ndiyo inayorukwa. Nimewahi kuona hatua hizo zimebandikwa ukutani kwa wino mzuri, wanafunzi wanazitaja zote tano kwa mpangilio, na hakuna hata mmoja anayefunga kitabu. Ajabu iliyoje!

Lugha yetu yenyewe ina hazina hapa. Kukariri, neno lenye asili ya Kiarabu cha kurudiarudia, siku hizi limekuwa kama tusi. Kudurusu limetoka shina moja na darasa na madrasa. Kisha kuna kutalii. Leo ukilisikia unawaza kamera, mbuga na Maasai Mara, lakini katika matumizi ya zamani kutalii kulikuwa pia kusoma na kuchunguza maandishi kwa makini. Ningependa maana hiyo irudi. Mtalii mzuri huuliza njia, hupotea, hurudi, hulinganisha alichoona na alichoambiwa.

Na hata hilo tusi la kukariri tuliangalie vizuri. Mtoto wa madrasa pwani humwendea maalimu, akasoma kwa moyo bila kutazama, akakosea, akarekebishwa, kesho akarudishwa nyuma kwenye alichohifadhi juzi. Hapo mna kujitahini, na mna vipindi vilivyotawanywa, karne nyingi kabla ya majaribio ya St. Louis. Kosa la kukariri kwa shule zetu haliko katika kutamka bila kitabu. Liko katika kutamka bila kuuliza maana, na aghalabu katika kutamka kile ambacho mtu mwingine amekifupisha.

Najua pingamizi litakaloletwa: muda hautoshi, silabasi ni ndefu. Lakini hesabu hiyo haisimami. Kusoma sura mara moja na kuisimulia kwa dakika kumi ni muda mfupi kuliko kuisoma mara nne. Kinachogharimu ni aibu. Kufunga kitabu kunakuonyesha papo hapo usichokijua, na kalamu ya manjano haikuonyeshi hilo kamwe. Ndiyo maana inapendwa.

Pingamizi jingine ni la haki zaidi. Vitabu vingi vya shule za umma ni vya kuazimwa, na mwanafunzi hurejesha nakala mwisho wa mwaka. Haruhusiwi kuandika pambizoni. Basi na atumie daftari kuukuu: ukurasa wa kushoto aandike maswali yake na namba za kurasa, wa kulia auache mtupu hadi kesho yake jioni, ndipo ajibu kitabu kikiwa kimefungwa. Mwalimu akitaka kujua nani amesoma, asikague kitabu. Akague ukurasa wa kushoto.