Majira ya Baridi Yasiyo na Baridi: Tuchunguze Mashauri ya Wanganga wa China

Kurasa za kitabu chetu huzungumza zaidi sana juu ya desturi za kwetu, na ni vizuri. Safari hii tumechagua desturi ya mbali, ule uganga wa kale wa China, na ndani yake jambo moja dogo: ginsi ya kulinda afya wakati majira ya baridi yanapokuja bila baridi. Ni jambo dogo, lakini ndani yake muna swali ambalo wazee wetu nao wanaulizwa kila mwaka mvua inapochelewa. Desturi iliyojengwa juu ya majira inafanya nini majira yenyewe yanapoharibika?

Msingi wa mashauri yote ni kitabu kiitwacho Huangdi Neijing, kilichokusanywa miaka kama 2000 iliyopita na kupangwa upya na munganga Wang Bing mwaka 762. Mwanzoni mwake muna sura inayogawa mwaka katika majira manne na kumpa mtu kazi katika kila moja: kuchipua, kukua, kuvuna, kuhifadhi. Kuhifadhi njo kazi ya majira ya baridi. Mtu alale mapema, asitoke kitandani kabla jua halijatoka, akae pa joto, asifanye kazi ya kumtoa jasho jingi, na hata tamaa zake azifiche. Sababu yake ni kwamba nguvu ya ndani, ile wanayoita yang, wakati huo imezama chini sawa mbegu iliyo udongoni. Anayeitapanya wakati huo anadhoofisha figo, maana katika hesabu yao figo ni mali ya majira ya baridi, na majira ya machipuko yakifika atakamatwa na homa.

Tuseme ukweli: kwa mtu wa bonde la Mto Manjano, Huang He, mashauri haya yalikuwa na akili. Kule maji yanaganda, shamba halilimiki, chakula ni kile kilicho ghalani. Kulala mapema ni kupunguza njaa na kupunguza kuni. Wakulima hao walihesabu mwaka kwa vipande 24 kufatana na mwendo wa jua, hesabu ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa wanadamu mwaka 2016. Kuanzia Dongzhi, siku fupi kuliko zote, tarehe 21 ao 22 Desemba, wanahesabu siku tisa mara tisa, jumla siku 81, na kila tisa ina sura yake. Tisa ya tatu, katikati ya Januari, njo inayosifika kwa baridi kali.

Sasa tisa ya tatu inafika na watu wanatembea bila koti. Tangu kati ya miaka ya 1980, majira ya baridi yenye joto yamekuwa mengi China. Yale ya 2006-2007 na yale ya 2016-2017 yalihesabiwa kati ya yenye joto zaidi. Mtu asiyejua angesema: vizuri, hatutaugua mafua. Wanganga wa China wanasema kinyume, na hapa tunawasifu. Kwao baridi siyo adui tu. Baridi ina kazi, inafunga mlango wa ghala. Joto likija mahali pa baridi, ngozi inabaki wazi, yang inavuja inje, na siku baridi inapovamia kwa rafla inakuta nyumba haina komeo. Hali hii wanaiita hewa isiyokuja kwa wakati wake, na wameihesabu kati ya sababu za magonjwa tangu zamani. Desturi yao ilikuwa imeacha nafasi kwa mwaka mbaya. Siyo desturi zote zinafanya hivyo.

Lakini nafasi hiyo haikupatikana bila mabishano, na njo sehemu tunayotaka wasomaji waijue zaidi, kwani watu wengi wanafikiri uganga wa kale ni mawazo yaliyoshuka yamekwisha tayari, na kila kizazi kinayapokea tu. Zhang Zhongjing, aliyeishi karibu na mwaka 200, aliona jamaa zake wakimalizika: kwa muda usiofika miaka kumi theluthi mbili walikufa, na wengi wao kwa homa alizozihesabu kuwa za baridi. Akaandika kitabu juu ya homa hizo, na dawa zake nyingi ni za kupasha joto na kutoa jasho. Kwa karne nyingi wanganga walimfuata. Kiisha, katika karne ya 14, akaja Zhu Danxi, mtu wa kusini, akashambulia kitabu cha dawa cha serikali ya zamani kwa kuwa kilijaa dawa za moto na za kukausha, nazo zilitolewa kwa kila mtu bila kumtazama. Mwaka 1641 tauni ikapiga majimbo kadhaa. Mwaka uliofuata Wu Youxing akaandika kwamba ugonjwa ule haukuletwa na baridi wala joto la majira, bali na hewa mbaya ya namna yake, inayoingia kwa pua na kinywa. Hakuwa na darubini, mdudu hakumuona. Lakini alithubutu kusema kwamba kalenda haitoshi. Mwishoni Wu Jutong, ambaye alifiwa na baba akiwa kijana ndipo akaanza kusoma uganga, akatoa mwaka 1798 kitabu juu ya homa za joto, na ndani yake akaweka homa ya joto inayokuja katika majira ya baridi. Dawa yake inayojulikana sana imetengenezwa kwa maua na matunda ya mimea yenye tabia ya ubaridi. Kumbe ndani ya desturi moja, kwa kikohozi kimoja, munganga huyu atakupa dawa ya moto na mwingine dawa ya ubaridi, na kila mmoja atakuonyesha kitabu.

Njo maana mashauri ya nyumbani kwa mwaka wa joto yanapingana na yale ya mwaka wa kawaida. Mwaka wa baridi kali wanakula nyama ya kondoo na tangawizi, na siku ya Dongzhi watu wa kaskazini wanakula jiaozi, vile vinyama vilivyofungwa ndani ya unga. Wanasimulia kwamba Zhang Zhongjing njo aliyevibuni kwa sura ya sikio, ili kuponya maskini ambao masikio yao yaliungua kwa baridi. Hadithi nzuri, ingawa ni hadithi. Mwaka wa joto wanganga wanasema: punguza kondoo, pilipili na pombe, kula figili nyeupe, kabichi, peari iliyopikwa na sukari, mizizi ya yungiyungi, vitu vya kulainisha koo. Usivue nguo nzito kwa sababu ya siku moja ya jua. Weka bakuli la maji ndani ya chumba, kwani kaskazini nyumba zinapashwa joto na mitambo ya mji (Beijing inafunguliwa kwa kawaida tarehe 15 Novemba hata 15 Machi) na hewa inakauka. Chovya miguu katika maji ya moto kabla ya kulala.

Tunayapima namna gani? Mengi ni chakula safi, usingizi na kiasi, na hayo hayamuumizi mtu. Bakuli la maji lina maana, koo lililokauka linajikinga vibaya. Lakini wanaposema ule ufuta mweusi na maharagi meusi kwa sababu rangi nyeusi ni ya figo na figo ni ya majira ya baridi, hapo tunasimama. Ufuta ni chakula kizuri, rangi yake haiponyeshi figo. Na juu ya mafua makali, yale ya virusi, yanapita toka mtu kwa mtu kwa pumzi, mwaka uwe wa joto ao wa baridi. Mzee wa miaka 70 aliyekula figili bila kuchanjwa hajakingwa. Chanjo yenyewe inabadilishwa kila mwaka kwa kuwa virusi vinabadilika. Kufikiri kwa namna hiyo Wu Youxing angekuelewa haraka.

Uchungu wetu mkubwa uko pengine, kwa wachuuzi. Desturi inasema majira ya baridi ni wakati wa kujijenga kwa dawa za nguvu, kusudi mtu awe imara machipuko yakifika. Dawa moja inayosifiwa ni ejiao, gundi inayopikwa kwa ngozi ya punda. Mji wake wa asili ni Dong'e katika jimbo la Shandong. Wanaichanganya na ufuta, njugu na divai, wanaikata vipande sawa mkate. Sasa sikilizeni: wanganga wenyewe wanafundisha kwamba dawa nzito ya kunata hivyo haifai kwa mtu mwenye tumbo dhaifu, wala kwa aliyeanza mafua, kwani ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani. Kwa hiyo mwaka wa joto, mwaka ambao mlango uko wazi na mafua yanazunguka, ilipaswa ejiao ipungue. Duka halijui mwaka wa joto. Linauza sawasawa, na zaidi.

Na ngozi zinatoka wapi? Punda wa China hawakutosha, wachuuzi wakageukia Afrika. Kenya ilifungua machinjio ya punda, na wanyama wakaanza kuibwa usiku kwa watu ambao punda njo mubebaji wao wa maji na wa mizigo ya soko. Februari 2024, huko Addis Ababa, wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kukataza kuchinja punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Sisi hapa Congo tunamjua zaidi kakakuona. Magamba yake, ambayo ni kitu cha namna ya kucha zetu, yamepita kwa magunia toka misitu ya Afrika ya Kati. Mwaka 2020 China iliyaondoa katika kitabu rasmi cha dawa, ingawa yalibaki kati ya viungo vya dawa fulani za viwanda. Mtu asituambie basi kwamba desturi ya China ni mambo ya Wachina peke yao.

Kuna wanaojibu: lakini Wachina walitupa dawa ya malaria! Ni kweli, na tunaishukuru. Tu Youyou, aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 2015, alifuata maandishi ya Ge Hong wa karne ya 4, yaliyosema mmea ukamuliwe katika maji baridi. Akaelewa kwamba kuchemsha kunaharibu nguvu yake. Lakini hakuishia kusoma. Alijaribu mimea mingi iliyoshindwa, akapima kwa panya na nyani, akainywa yeye mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Kinyume chake tunakiona Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990: wanawake walipewa vidonge vya kupunguza unene vyenye majani ya China, mmea mmoja ukawekwa badala ya mwingine kwa kosa, na watu karibu mia figo zao zikaharibika. Figo, kile kiungo ambacho majira ya baridi yote yanakilinda!

Tunabaki na neno moja ambalo wasomaji wa kitabu hicho cha kale hawalisemi sana. Kulala mapema na kuamka jua likisha kutoka ni shauri la mtu mwenye ghala. Mkulima wa zamani alikuwa nalo miezi mitatu, shamba likiwa limeganda. Mwanamke anayeuza mboga Beijing yuko sokoni saa kumi na moja alfajiri, na kijana anayepeleka chakula kwa pikipiki anatoka jasho usiku, Januari, kwa joto ambalo halikupaswa kuwepo, halafu anasimama mlangoni pa watu kwenye upepo. Hao njo wanaopata kikohozi kwanza. Sura ile ya majira manne haina mstari juu yao, na wachuuzi wa ejiao wanajua kwamba hawana feza ya kuinunua.