Juu ya Kiswahili cha Usukuma

Wako walimu wasemao kwamba Kiswahili cha Usukuma kimeharibika. Hukumu hiyo twaiona kuwa ya haraka, kwa kuwa yachanganya mambo mawili: kosa lifichalo maana, na badiliko liongezalo maana.

Kipimo cha shule zetu ni Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Lakini mtoto wa Mkula, katika mkoa wa Simiyu, hukijia Kiswahili akiwa na Kisukuma kinywani. Kisukuma hakina sauti ya r, basi wengi hutia l mahali pake. Hapo mwalimu na asahihishe bila kuchoka. Mahari ikitamkwa mahali, ndugu wa bibi arusi hawaelewi wanaulizwa nini. Na wazee wa kanisa wakichaguliwa “kwa kula”, waumini watacheka.

Kiishio -ga ni jambo jingine. Watu husema “nalimaga”, “tunaendaga”, “alikuwaga”, wakitaja desturi. Kiishio hiki ni cha asili katika Kisukuma na katika lugha nyingi za Kibantu. Vitabu vya sarufi, kama kile cha Ashton cha mwaka 1944, vyafundisha hu-, nayo ni sahihi. Lakini “hulima” peke yake haimtaji mtendaji: ni mimi, ni wewe, au ni yule? Wala haionyeshi desturi iliyokwisha, hata twalazimika kusema “alikuwa akilima”. “Nalimaga” yamtaja mtendaji, na “alikuwaga” yautaja wakati uliopita, kila moja kwa neno moja tu. Asemaye hivyo hakuiharibu lugha, ameziba pengo.

Vivyo hivyo “katoto”, na wingi wake “tutoto”. Kitoto cha Kiunguja chaweza kuwa mtoto mdogo, au mwenendo wa kitoto. Bali katoto ni mtoto mdogo, basi.

Hatusemi -ga iandikwe katika mtihani, maana msahihishaji ataikata. Mwanafunzi na afundishwe hu- kwa kuandika, aambiwe na sababu yake, wala asichekwe kwa usemi wa nyumbani kwao. Mtoto achekwaye darasani hunyamaza, na anyamazaye hajifunzi lugha yo yote. Mwalimu ajuaye Kisukuma kidogo atatambua upesi lipi la kusahihisha na lipi la kuacha. Asiyekijua atayakata yote kwa wino mmoja.