Mtajo wa Barua kwa Asiyejulikana

Barua ya kuomba ukarani katika ofisi ya uwakala wa forodha huko Mbaraki, jirani na bandari ya Kilindini, huanza kupimwa kabla msomaji hajaifikia haja iliyomo, kwa kuwa chini ya anwani mbili, na juu ya mada inayoanza kwa MINT (yaani mintarafu ya), pana mtajo: maneno machache ya kumwita mpokeaji ambaye pengine mwandishi hajapata kumwona.

Katika barua za kale za Waswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, za aina aliyoichapisha Carl Büttner mwaka 1892, mwandishi kwa kawaida alimjua amwandikiaye, hivyo aliweza kumpangia sifa kwa kadiri ya cheo, umri na nasaba yake, zikafuata salamu, ndipo likaja neno lenyewe. Asiyejulikana alihitaji ustadi mwingine. Sultani Barghash bin Said wa Unguja, alipopiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara mwaka 1876, alilielekeza tangazo lake kwa wote wanaohusika miongoni mwa rafiki zake wa bara, Pemba na kwingineko, na katika urafiki huo, bila shaka, walikuwamo wenye misafara yenyewe.

Mwombaji kazi hana mamlaka ya kumfanya kila mtu rafiki. Akiandika “Kwa Bwana” peke yake amebahatisha, na barua ikifunguliwa na bibi, ukosefu wa adabu umetangulia sifa zake zote. Akiandika “Bwana/Bibi”, ule mkwaju wa katikati unamwepusha na kosa, ingawa unafichua kwamba hakuuliza. “Mheshimiwa” humfaa zaidi mbunge au diwani, na “Ndugu”, iliyozoeleka Tanzania tangu enzi ya Ujamaa, haijapata makao hayo katika ofisi za Mombasa.

Lililo bora ni cheo: “Kwa Meneja wa Wafanyakazi”. Viambishi vya nafsi katika Kiswahili havitofautishi mume na mke, kwa hiyo mtajo ukisimama juu ya cheo, barua nzima hufika hadi “Wako mwaminifu” bila kumkisia mtu. Sharti ni moja tu, nalo hupuuzwa mno: cheo kiandikwe kama ofisi yenyewe inavyokiandika katika tangazo lake la kazi, kwani aliyejitambulisha kuwa Afisa Mwajiri hana sababu ya kuitwa Meneja.