Picha ya Mtu Bila Kivugo: Uhakiki wa Mchezo wa Pit-Fighter

Katika toleo hili sitahakiki riwaya wala diwani. Nitahakiki mchezo wa video ambao huenda wengi wenu hamjausikia. Sioni aibu kufanya hivyo, kwa kuwa mchezo huo uliingia katika darasa langu la fasihi simulizi hapa Gihundwe, ukazua mjadala ambao haukwisha hata kipindi kilipokwisha.

Mchezo wenyewe unaitwa Pit-Fighter. Ulitolewa mwaka 1990 na kampuni ya Atari Games ya Marekani kwa ajili ya zile mashine kubwa za kutumbukizia sarafu. Baadaye ulihamishiwa katika mashine za nyumbani kama za Sega na Super Nintendo, kisha ukasahaulika. Mwanafunzi mmoja alikuja nao katika kompyuta yake siku tulipokuwa tukijadili dhana ya uhalisia. Alidai kwamba mchezo huu ni wa kihalisia kuliko michezo ya katuni. "Hawa ni watu kweli, Mwalimu," alisema.

Fani

Mwanafunzi huyo hakukosea kabisa. Waigizaji walisimama mbele ya pazia la buluu wakapiga ngumi, wakarusha mateke na kuanguka, huku kamera ya video ikiwachukua. Picha hizo ndizo zilizoingizwa katika kompyuta, bila kuchorwa upya kwa mkono. Mwaka 1990 mbinu hii ilikuwa bado ngeni. Kwa upande huu watunzi wanastahili sifa. Mpiganaji akisogea karibu nasi picha yake hukua, akienda mbali hupungua. Ngozi ni ngozi, na jasho ni jasho.

Udhaifu unaonekana mara mtu anapotembea. Picha za kila tendo ni chache, kwa hiyo mwili unaruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine kama kurasa za albamu zinazofunuliwa haraka. Kila picha peke yake ni ya kweli, lakini mwendo si wa kweli. Hapo darasa lilianza kutilia shaka dai la mwenzao.

Wahusika wakuu ni watatu: Buzz, aliyekuwa mwanamieleka, Ty, bingwa wa ngumi na mateke, na Kato, mtaalamu wa karate. Mchezaji huchagua mmoja wao na kupambana na wapinzani mmoja baada ya mwingine hadi amfikie Mpiganaji wa Kinyago. Wahusika hawa ni bapa. Tunajua ufundi wao, hatujui nia yao.

Linganisheni na Mortal Kombat, uliotolewa na kampuni ya Midway mwaka 1992 kwa mbinu iyo hiyo ya kuwapiga picha waigizaji. Watunzi wake, Ed Boon na John Tobias, waliwapa wapiganaji asili na visasi. Scorpion ana deni la damu na Sub-Zero, na mchezaji anajua kwa nini wawili hao hawawezi kupeana mkono. Naamini hiyo ni sababu mojawapo iliyoufanya mchezo huo uishi hadi leo, ilhali Pit-Fighter umebaki kwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Zoezi la darasani

Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kusoma majigambo, yaani vivugo, niliwapa wanafunzi kazi: kila mmoja amtungie kivugo mpiganaji mmoja. Wanafunzi wa Rwanda hawahitaji kuelezwa sana. Kivugo cha Kiswahili na icyivugo cha Kinyarwanda ni ndugu, na kitenzi kwivuga wamekijua tangu utotoni. Wanajua kwamba shujaa husema kwa nafsi ya kwanza, hujipa jina la sifa, hutaja ukoo wake, silaha yake na aliowashinda, tena kwa chumvi nyingi.

Mmoja alianza vizuri:

Ni mimi Buzz, mwamba usiopigwa nyundo,
Niliyemkumbatia fahali akaomba maji,
Kivuli changu kikianguka, ukuta unalia,
Mimi mwana wa…

Hapo akakwama. Mwana wa nani? Mwenzake aliyelelewa Bukavu, ng'ambo ya mto, akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, huyu mutu anapiganaka juu ya nini?" Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Sikumsahihisha. Alikuwa ametoa uhakiki mzima kwa sentensi moja.

Maudhui

Jibu la mchezo ni fupi: anapigania fedha. Kila pambano lina malipo yake, na yako malipo ya ziada kwa ukatili. Pembeni umesimama umati unaoshangilia. Mpiganaji akikaribia ukingoni humsukuma arudi ulingoni, na wako wanaoingilia pambano wakiwa na kisu au fimbo.

Watunzi waliuchukulia umati huo kama mandhari. Sisi tunaoishi katika nchi iliyopitia Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 hatuwezi kuuona umati unaoshangilia, wenye kisu mkononi, kama pambo. Sisemi kwamba mchezo unafanya watu kuwa wauaji. Ninasema kwamba kazi inayolipa ukatili bila kuuliza sababu yake ina kasoro ya kimaudhui, na mhakiki ana wajibu wa kuitaja.

Mtu ataniuliza: je, vivugo vyetu navyo havisifu damu? Vinasifu, na hilo tulijadili bila kufichana. Lakini mwenye kivugo husimama mbele ya watu wanaomfahamu, akataja jina lake na la baba yake, akadai tendo lake kuwa lake. Akisema uongo, wapo wa kumcheka. Mpiganaji wa Pit-Fighter hadai chochote. Ana uso wa mtu halisi, lakini hakuna wa kumwajibisha.

Pamoja na hayo, kuna sehemu moja iliyonigusa. Baada ya kila mapambano kadhaa huja pambano la kinyongo. Mchezaji aliye peke yake hupambana na nakala ya mhusika wake mwenyewe: Kato kwa Kato, Ty kwa Ty. Sidhani kama watunzi walikusudia zaidi ya kuokoa kazi. Hata hivyo, picha mbili za mtu mmoja zikipigana, huku hakuna inayoweza kusema yenyewe ni nani, ni taswira ambayo mshairi angeitamani.

Hitimisho

Kwa maoni yangu, Pit-Fighter ni mchezo dhaifu lakini ni kielelezo kizuri cha kufundishia. Unaonyesha kwamba uhalisia hauletwi na kamera. Mhusika wa kubuni kabisa, mwenye nia na nasaba, huweza kuwa mtu kuliko picha ya mtu aliye hai. Walimu wenzangu wanaofundisha uhusika wajaribu zoezi hili, ingawa kwa madarasa ya chini nashauri wateue mchezo mpole zaidi.

Kuhusu yule mwanafunzi aliyekwama, alirudi wiki iliyofuata na mstari wake umekamilika: "Mimi mwana wa asiyetajwa, nitajeni nipumzike." Nilimpa alama zote.