Tanzia Isiyo na Jina: Maombolezo ya Askari katika Maandishi ya Kiswahili

Tanzia ni utungo wa kumlilia marehemu, na sharti lake la kwanza ni kumtaja: jina lake, aliowaacha, na pengo lililobaki. Utenzi wa vita una kazi nyingine, yaani kuhifadhi matukio na kuwatia ari wasikilizaji. Swali linalozuka ni hili: askari wa kawaida anayefia vitani huliliwa katika utanzu upi?

Mfano unaofaa kuhakikiwa ni maandishi ya Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maneno yake, yanayohusishwa na Rudyard Kipling, yamo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, katika hati za Kilatini na Kiarabu. Yanawasifu askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha yanamwambia mpiganaji kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Kasoro iko hapo hapo. Ahadi ya jina imechorwa kwenye mnara usiotaja jina la marehemu hata mmoja. Isitoshe, kauli yenyewe ni ya masharti, na maiti hawekewi masharti. Tanzia humlilia aliyekwisha kufa. Maneno haya yanamshawishi atakayekufa. Hata neno "nchi" lina utata, kwani vita vile vilikuwa vya wakoloni.

Upande wa Kongo nao una kilio chake. Jeshi la Force Publique liliingia Tabora Septemba 1916, likisaidiwa katika vita hivyo na wapagazi zaidi ya 200,000. Wengi walitoka mashariki mwa Kongo, Maniema ikiwamo. Mzazi wa Lubutu ambaye mwanawe hakurudi hakuletewa maiti wala kaburi. Matanga huwekwa kwa mtu anayejulikana kuwa amekufa. Asiyejulikana alipo humwacha mzazi kati ya kungoja na kulia. Vita vilipopita tena Lubutu mwanzoni mwa mwaka 1997, hali hiyo ilizikumba familia za askari wa pande zote mbili.

Je, tenzi zimelijaza pengo hili? *Utenzi wa Vita vya Uhuru* wa Shaaban Robert na *Utenzi wa Vita vya Kagera* wa Henry Muhanika (1981) ni kazi zenye uzito, lakini mhimili wake ni mwendo wa vita na wakuu wake. Yaweza kujibiwa kwamba utenzi hauwezi kutaja maelfu ya watu. Ni kweli, lakini tanzia haihitaji maelfu. Jina moja latosha.

Kwamba jambo hili lawezekana, Maniema yenyewe ni shahidi. Wanajeshi wa anga 13 wa Italia waliouawa Kindu mwezi Novemba 1961 walirudishwa kwao, wakazikwa Pisa katika jengo la kumbukumbu yao. Askari wa Kongo waliokufa katika miaka hiyo hiyo hawakujengewa la namna hiyo mjini Kindu.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa fasihi, basi, si kuusifu ushujaa zaidi. Ni kukusanya nyimbo za kilio zinazoimbwa matangani Lubutu, kwa Kiswahili cha Kongo na kwa Kikumu, kabla wanaoyakumbuka majina hawajatoweka nao.