Kisima cha Rani

Nilipomaliza kusoma A Passage North, riwaya ya Anuk Arudpragasam iliyotoka 2021, niliandika neno moja chini ya ukurasa wa mwisho: sonona. Juzi nimeirudia riwaya, na neno lile nimelifuta.

Rani ni mama wa Kitamil kutoka kaskazini mwa Sri Lanka. Vita vilivyokwisha Mei 2009 vilimnyang'anya wanawe wawili. Hospitalini wamemtibu kwa mishtuko ya umeme. Baadaye anakwenda Colombo kumtunza bibi yake Krishan, mhusika mkuu. Akiwa amerudi kijijini, anatumbukia kisimani na kufa. Aliteleza au alijitosa? Riwaya haitoi jibu.

Daya Somasundaram, daktari wa akili aliyefanya kazi Jaffna miaka mingi, ameeleza jinsi Watamil walioumizwa na vita wanavyofika kliniki wakilalamikia mwili: maumivu ya kichwa, uchovu, na perumuchu, yaani kushusha pumzi ndefu, nzito. Daktari asiyeijua lugha hiyo angepima kifua na kumrudisha mtu nyumbani. Tena Watamil wana oppari, maombolezo ya kuimba ambayo wanawake humlilia marehemu huku wakimsemesha. Lakini katika miezi ya mwisho ya vita wengi walilazimika kuwaacha wafu wao bila mazishi, na baadaye jeshi likayasawazisha makaburi ya wapiganaji wa Tigers. Pasipo maiti wala kaburi, mama aimbe akielekea wapi?

Hapo ndipo ninapoidai riwaya hii. Krishan, msomi, anawaza kurasa kwa kurasa. Rani tunamfahamu kupitia mawazo hayo tu. Nilitamani kumsikia mwenyewe, hata kama ni pumzi yake. Hata hivyo Arudpragasam amemstahi kwa jambo moja kubwa: hamsemei alichokusudia pale kisimani.

Mimi ndiye niliyemsemea. Shangazi yangu alishinda mwaka mzima akisema "nina mawazo," nasi tukamnunulia dawa za kichwa. Kwa Rani nilikwenda kinyume: nilimpa jina la ugonjwa kabla ya kuuliza wanawe wamezikwa wapi. Huenda sonona alikuwa nayo kweli. Ila swali la kaburi lilipaswa kutangulia.